CBD badala ya dawa za saikosisi? Tusikimbilie kutupa vidonge

Kuna hoja inazunguka sana kwamba mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta saikosisi, yaani kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyo ya kweli, anaweza kuachana na dawa za hospitali akahamia kwenye dawa zinazotokana na bangi, eti ni za asili na hazina madhara. Wengine wanaruka juu hapohapo, bangi ndo inayorusha watu akili sasa itageukaje kuwa dawa? Mi naona kila upande una kitu cha kweli, shida ni kwamba wote wanaongelea bangi kama kitu kimoja na hapo ndo tunapopotezana.

Ule mmea una kemikali nyingi ila mbili ndo zenye kesi hapa, THC na CBD. THC ndo inayolevya, na hiyo haina utetezi kabisa kwa mtu mwenye saikosisi. Mwaka 2004 kuna watafiti Marekani walichapisha jaribio ambalo watu wazima wenye afya zao walichomwa THC kwenye mshipa, na kwa muda mfupi wakapata dalili zinazofanana na saikosisi, kushuku watu, mawazo kuvurugika. Utafiti mwingine wa 2019 uliofanyika Ulaya na Brazil ulikuta wanaotumia kila siku bangi yenye THC nyingi wana uwezekano wa karibu mara 5 wa kupata saikosisi ukilinganisha na wasiotumia kabisa. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa avute ili atulie anamtia hatarini, hata kama nia yake ni njema. CBD ni habari nyingine, hailevyi, na hiyo ndo inayofanyiwa majaribio kama dawa.

Sasa kabla hatujawalaumu wanaotafuta mbadala, tuelewe wanakimbia nini. Hizi dawa za kawaida zilianza na kloropromazini mwaka 1952 Ufaransa, na nyingi mpaka leo zinafanya kazi kwa kuzuia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo. Sauti zinapungua kweli, lakini mtu anaweza kupata ile hali ya kushindwa kutulia, anakaa kwenye kiti dakika moja ananyanyuka, anazunguka chumba, anarudi kukaa, miguu inatikisika yenyewe, usiku hata kitanda hakimshiki, alafu watu wa nyumbani wanadhani ugonjwa umezidi kumbe ni dawa. Olanzapini inanenepesha na sukari inaweza kupanda. Klozapini, ambayo inasaidia wale walioshindikana kwa dawa zingine, inajaza mate mdomoni mpaka mto unalowa usiku, na inabidi damu ipimwe mara kwa mara maana inaweza kushusha chembe nyeupe. Mtu akikwambia amechoka na hayo, hajakosea, na daktari anayemjibu "we meza tu" hajamtibu.

Ila upande wa pili una uzito na mi ndo unanibana zaidi. Mwaka 2012 yalikusanywa pamoja majaribio 65 ya dawa hizi za kawaida, ndani ya mwaka mmoja hivi waliorudiwa na ugonjwa wakiwa kwenye dawa ni 27%, waliowekewa vidonge visivyo na dawa ni 64%. Hiyo tofauti ni kubwa mno, na kurudiwa maana yake ni kazi kupotea, shule kukatika, pengine mtu kujidhuru.

Je CBD inaweza kuziba hilo pengo? Mwaka huohuo 2012 Wajerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 42, nusu CBD nusu amisulpridi, moja ya dawa za kawaida za saikosisi, kwa wiki 4, dalili zikapungua karibu sawa na waliopewa CBD hawakunenepa kama wenzao. Inatia moyo sana, lakini watu 42 kwa wiki 4 ni wachache na muda ni mfupi kwa ugonjwa wa miaka. Mwaka 2018 yakatoka mawili: moja la watu 88 waliopewa mg 1,000 kwa siku juu ya dawa zao, wakapata nafuu ndogo, na lingine la watu 36 kwa mg 600, CBD haikuvishinda vidonge visivyo na dawa. Na hayo mawili yote watu waliendelea na vidonge vyao kama kawaida, hilo halisemwi kabisa na wanaopigia debe CBD.

Alafu piga hesabu ya dozi. Chupa ya mafuta yenye mg 300 za CBD, kwa dozi ile ya mg 1,000 unamaliza chupa zaidi ya tatu kwa siku moja, kwa hiyo matone mawili matatu chini ya ulimi hayafanani hata kidogo na kilichopimwa. Na chupani kuna nini hasa? Mwaka 2017 zilipimwa bidhaa 84 za CBD zilizouzwa kwenye intaneti, ni 31% tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na bidhaa 18 zilikutwa na THC ndani, yaani ileile kemikali ambayo mgonjwa wa saikosisi anatakiwa kuikwepa. Kwa dozi kubwa CBD inaweza pia kusumbua ini na kuingiliana na dawa zingine, kwa hiyo hata kuichanganya kimyakimya na vidonge ni hatari.

Kwa hiyo msimamo wangu, CBD safi, kwa dozi inayojulikana, chini ya daktari na juu ya dawa za kawaida, sina tatizo nayo na natamani ifanyiwe kazi zaidi. Kama mbadala wa kuacha dawa, bado. Anayeteseka na dawa aliyonayo aiseme hiyo tabu kwa daktari kwa majina yake, kutotulia, uzito, mate, sababu dozi inaweza kushushwa au dawa ikabadilishwa taratibu bila kuikata ghafla. Na Chuo Kikuu cha Oxford kinaongoza jaribio kubwa la CBD la watu kama 1,000, wamo walio kwenye hatari ya kupata saikosisi, walioipata kwa mara ya kwanza, na wale ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Hao wa mwisho ndo majibu yao nayasubiri kuliko ya wote, maana wao ndo hawana pa kukimbilia.