Kadi moja kwa benchi: teknolojia ninayoitaka katika oditwari zetu

Kila vyuo vya hapa Lubumbashi, Kongo, vinapozungumzia teknolojia ya kufundishia, mazungumzo huanzia kwenye mashine. Projekta ngapi zinunuliwe, vyumba vingapi vipate kompyuta, intaneti itafika lini. Mimi nafundisha fizikia mwaka wa kwanza, na nasema bila kuzunguka kwamba tunaanzia mwisho. La kwanza kuuliza ni hili: chombo hiki kitamfanya mwanafunzi afanye nini ambacho jana alikuwa hafanyi? Kama jibu ni "atatazama", tuache fedha mfukoni.

Wasomaji wasio wa huku, hebu ioneni oditwari, maana ndivyo tunavyoita ukumbi wa masomo. Mamia ya vijana kutoka mitaa ya jiji letu, Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, wengi kwa miguu, wamebanana kwenye mabenchi tangu alfajiri ili wapate nafasi ya mbele. Mwalimu anaingia, anasoma silabusi yake, yaani kitini cha somo, kwa Kifaransa, wao wanaandika. Umeme ukikatika maikrofoni inanyamaza, na walio nyuma wananakili kwa walio mbele. Saa tatu zinakwisha hivyo, na hakuna hata mmoja aliyetakiwa kufikiri jambo na kulisema. Anayesema vijana wetu ni wavivu hajakaa kwenye benchi lile.

Projekta peke yake haibadilishi hilo. Maneno yaliyokuwa yakisomwa sasa yako ukutani, vijana wanainua simu na kupiga picha, na mwalimu anakimbia kuliko zamani kwa kuwa hasubiri tena mkono wa anayeandika. WhatsApp nayo tumeigeuza posta. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, vikundi vya WhatsApp vilitusaidia sana, na nilishukuru kama wengine. Ila vilipofunguliwa tulibaki na tabia ya kutupa PDF ya kurasa mia moja usiku na kuiita somo la mtandaoni. Hata Moodle, programu ya bure ambayo Martin Dougiamas wa Australia aliitoa mwaka 2002 akitaka wanafunzi wajenge maarifa kwa pamoja, kwa wengi wetu imekuwa ghala la silabusi.

Na silabusi yenyewe ina mambo yake. Mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa huziba pengo kwa kuuza silabusi, na mwanafunzi huinunua kwa sababu anajua kilichomo ndicho kitakachoulizwa. Simlaumu mtu kwa kulisha watoto wake. Ninachosema ni kwamba soko hilo limetufunga wote ndani ya karatasi zilezile, na teknolojia yoyote itakayoletwa juu yake itakuwa njia mpya tu ya kuzisambaza.

Kilichonifungua macho ni habari za Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Alikuwa mwalimu anayesifiwa na wanafunzi wake, na mitihani ya kukokotoa waliifaulu. Kisha akasoma kazi za David Hestenes na wenzake wa Arizona, waliotunga maswali ya kupima kama mwanafunzi ameelewa nguvu na mwendo, maswali yasiyo na hesabu ndani yake. Akawapa wanafunzi wake. Mmoja akamuuliza ajibu namna gani: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Kuanzia mwaka 1991 Mazur akabadilisha mtindo. Anaeleza kwa dakika chache, anauliza swali, kila mtu anachagua jibu lake kimya, kisha wanageukiana na kubishana, halafu wanachagua tena.

Chukueni moja ya maswali ya aina hiyo, ambalo mimi nimelihamishia barabara yetu. Lori lililosheheni shaba linaelekea mpakani Kasumbalesa, linagongana uso kwa uso na teksi ndogo. Katika kugongana huko, ni nani anayemsukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? A, lori. B, teksi. C, nguvu ni sawa. D, inategemea nani alikuwa na mwendo mkali.

Kila kijana darasani anaijua sheria ya tatu ya Newton, kwamba anayesukuma husukumwa naye kwa nguvu ileile, kwa kichwa, kwa Kifaransa, pamoja na mikato na nukta zake. Na wengi wao wanachagua lori.

Hapo sisemi kitu. Nawaambia tu wageukiane, kila mmoja amshawishi jirani yake. Kelele inayopanda si ya Kifaransa. Ni Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na ndani yake fizikia inaanza kupumua. "Kama nguvu ni sawa, mbona kamio inabaki nzima?" anauliza mmoja, na swali lake ni zuri kuliko mengi yaliyomo kitabuni. Msichana wa pembeni yake, ambaye sijawahi kumuona akiinua mkono, anamjibu kwamba nguvu ni sawa ila uzito si sawa: msukumo uleule ukiipata teksi ya tani moja unairudisha nyuma ghafla, ukilipata lori la tani arobaini unalipunguza mwendo kidogo tu. Ameitumia sheria ya pili, ile inayofunga pamoja nguvu, uzito na badiliko la mwendo, kuitetea ya tatu. Hakuna aliyemtuma.

Najua wapo watakaokunja uso wakisikia Kiswahili katika oditwari. Mtihani utaandikwa kwa Kifaransa, na baada ya mjadala nawataka kila mmoja aandike sentensi mbili za Kifaransa kueleza sababu. Wanaziandika vizuri kuliko walipokuwa wakinakili, kwa kuwa sasa wana jambo la kusema. Kijana anayebishana nyumbani, sokoni na uwanjani kwa Kiswahili, kumkataza asibishane darasani kwa Kiswahili ni kumkataza asibishane kabisa.

Sasa teknolojia yenyewe. Marekani wanafunzi hushika vidude vya kubonyezea majibu, au hutumia simu zao. Kwetu, kudai kila mwanafunzi awe na simu janja, chaji na mega za intaneti ni kuwafukuza kimyakimya wale ambao mega zao ni nauli ya kesho. Ninayotumia mimi ni Plickers, programu ya simu inayosoma kadi za karatasi. Kila kadi ni karatasi iliyochapwa umbo la pembe nne lenye weusi na weupe, na kila upande wa umbo hilo una herufi yake, A hadi D. Upande unaouelekeza juu ndilo jibu lako. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa, simu inasoma kadi moja baada ya nyingine, na idadi ya kila jibu inajitokeza kwenye kioo. Simu ni moja tu, ya mwalimu. Mwanafunzi hahitaji umeme, mega wala hata simu ya kitochi.

Kuna jambo dogo katika kadi hizo ninalolipenda sana. Herufi zimechapwa kwa maandishi madogo mno, na maumbo ya kadi mbili hayafanani, kwa hiyo jirani akichungulia haambulii kitu. Kura ni ya siri kwa wenzako na wazi kwa mwalimu. Yule anayeogopa kuchekwa, na msichana aliyezoea kuona wavulana wa benchi la mbele wakimalizia kila swali, wote wanahesabiwa.

Kadi hazitoshi watu mamia, ndiyo. Ndipo nikaona afadhali nigawe kadi moja kwa benchi. Kwanza kila mtu anaandika herufi yake kwenye daftari, asiibadilishe. Kisha benchi zima linakubaliana jibu moja na kuinua kadi. Watu watano hadi sita wenye kadi moja hawana njia ila kuzungumza, na nimeanza kuamini kwamba uhaba huo wa kadi una faida yake.

Na kama hata simu ya mwalimu haina chaji? Basi vipande vya karatasi vyenye herufi kubwa, vinyanyuliwe kifuani. Nathaniel Lasry alilinganisha mambo hayo huko Canada: darasa moja lilibonyeza vidude vya elektroniki, jingine liliinua kadi za karatasi, na utafiti wake wa 2008 ukaonyesha kwamba waliobonyeza hawakujifunza zaidi ya walioinua. Kazi ilifanywa na swali pamoja na mabishano. Simu inanisaidia kuhesabu haraka na kutunza kumbukumbu, na kwa darasa kubwa hilo si dogo, lakini asiye nayo asingoje.

Wenzangu hunijibu kwamba programu ya mwaka ni ndefu na hakuna muda wa mijadala. Nawaelewa, muda wetu huliwa na mengi. Lakini kumaliza silabusi ni kumaliza kwa mwalimu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hesabu vyuoni: katika madarasa ya kusikiliza tu, wanafunzi karibu 34 katika kila 100 walianguka, katika madarasa yanayowashughulisha, karibu 22. Huko British Columbia, Canada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, madarasa mawili makubwa ya fizikia yalipewa jaribio moja baada ya wiki moja ya mafunzo tofauti. Lile lililofundishwa kwa maswali na mijadala lilipata wastani wa asilimia 74, na lile lililofundishwa kwa hotuba na mwalimu mzoefu asilimia 41. Hayo ni madarasa ya kwao, yenye umeme na vitabu. Kwetu, ambako darasa ndilo mahali pekee mwanafunzi anapokutana na somo, sioni kwa nini faida iwe ndogo. Na mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat) tuliouingia unahesabu kazi ya mwanafunzi mwenyewe ndani ya kredit, si saa za kumsikiliza mwalimu tu.

Ugumu uko kwenye kutunga swali. Swali ambalo karibu wote wanalipata halizai mjadala, na ambalo karibu wote wanalikosa linazaa kubahatisha. Linalofaa ni lile ambalo kura ya kwanza inapata kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya majibu sahihi, ili kila benchi liwe na mtu wa kushawishi na wa kushawishiwa. Kulipata swali la namna hiyo kunachukua jioni nzima, na hakuna mashine itakayomtungia mwalimu asiyejua wanafunzi wake hukwama wapi.

Kwa upande wa maabara niseme kwa ufupi tu, ingawa wahusika wa maabara zetu wanajua hali. Majaribio ya PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002, hupatikana bure, na mengi yake ni faili moja linalofunguka hata bila intaneti. Mwanafunzi mmoja akilipakua, kesho limezagaa darasa zima kwa Bluetooth. Kijana anaunganisha betri, waya na balbu kwenye kioo, anaunguza betri mara kumi bila kumgharimu mtu. Haichukui nafasi ya kushika waya halisi, lakini kati ya hilo na mchoro wa ubaoni nachagua hilo.

Kinachoniumiza ni mtihani. Tukibishana muhula mzima, kisha karatasi ya mtihani iseme "taja sheria tatu za Newton", vijana wataona wazi tulichokithamini, na mwaka unaofuata watarudi kukariri. Kwa hiyo naziomba idara za fizikia, kemia na jiolojia za vyuo vyetu jambo linaloweza kupitishwa katika kikao kimoja: theluthi moja ya alama za mwaka wa kwanza itoke kwenye maswali ya kueleza sababu. Maswali hayo yatungwe kwa pamoja na yawekwe akiba ya idara, ili asistanti anayeanza kazi asiingie oditwari mikono mitupu. Niliyoyatunga mimi nitayatoa yote, pamoja na kadi zilizo tayari kuchapwa. Anayeyahitaji aje na flash.