Kabla hujamsajili mwanao, itazame njia ya mwisho

Nilipomtafutia binti yangu klabu ya kuogelea ya mashindano, nilichoangalia ni kabati la vikombe. Alikuwa na miaka tisa. Alijua kuelea, alijua mtindo huru wa kubahatisha, na mtindo wa mgongo uliompeleka kwenye kamba kila mara. Klabu ile ilikuwa na kabati la vioo lililojaa medali, na juu yake picha za vijana waliowahi kuitwa timu ya taifa. Nikalipa ada siku ileile. Sikukaa hata nusu saa kutazama mazoezi, na hilo ndilo kosa ninalokuomba, mzazi mwenzangu, usilirudie.

Miezi minne baadaye nilifika mapema kumchukua, nikakaa jukwaani. Lilikuwa bwawa la mita 25 lenye njia sita, kila njia na kamba zake. Njia ya kwanza na ya pili zilikuwa na vijana wanne wanne, wanateleza majini kama mishale. Kocha alisimama pale na saa yake mkononi, anamtajia kila mmoja muda wake, anainama, anasahihisha. Njia ya sita, ile ya ukutani, ilikuwa na watoto kumi na wawili, na binti yangu alikuwa wa kumi na moja kwenye foleni. Anaogelea kidogo, anagongana na miguu ya aliye mbele, anashika kamba, anasubiri. Nikaanza kuhesabu. Kwa saa nzima alivuka bwawa mara 14, yaani mita 350. Kocha alifika njia ya sita mara mbili tu, na mara zote mbili alikuja kuwapigia filimbi wanyamaze.

Nilimfuata baada ya mazoezi. Alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, huyu bado mdogo. Akianza kushusha muda wake nitamchukua mwenyewe."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo kichwani. Atashushaje muda wake ikiwa hakuna anayemfundisha kuushusha?

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo mmoja, na nimewaambia wazazi wengi: klabu ya watoto usiipime kwa waogeleaji wake bora, ipime kwa njia yake ya mwisho. Mwanao ataanzia huko, na huenda akakaa huko mwaka mzima au zaidi. Vikombe vya kabatini vinaweza kuwa vimeletwa na watoto waliofika pale wakiwa wameshafundishwa kwingine. Klabu ikishapata jina huvuta watoto wepesi, wepesi huleta medali, medali huvuta wepesi wengine. Mzunguko huo unaweza kwenda miaka na miaka bila mtu yeyote pale kufundishwa jambo jipya. Njia ya mwisho haina pa kujificha. Pale ndipo utajua kama klabu inafundisha au inachuja tu.

Kuogelea hakufanani na mbio za nchi kavu, ambako mtoto mwenye nguvu anaweza kukimbia vibaya na bado akashinda. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na ukijaribu kuongeza kasi maradufu, ukinzani wa maji huongezeka karibu mara nne. Mtoto anayeinua kichwa ili aone mbele anazamisha nyonga zake bila kujua, na kuanzia hapo anausukuma mwili mzima kama mtu anayeburuta gunia. Akipiga mikono kwa nguvu zaidi anachoka zaidi, na kasi haiongezeki kwa kiasi cha jasho lake. Anahitaji mtu mzima aliye karibu, anayekiona kichwa kile na kumwambia atazame sakafu ya bwawa. Hilo hulioni ukiwa umesimama njia ya kwanza.

Klabu ya pili niliitazama jioni tatu kabla ya kumpeleka binti yangu. Haikuwa na kabati la vikombe. Jioni ya kwanza nilimwona kocha mmoja amepiga magoti kwenye ukingo upande wa wale wadogo kabisa, suruali imelowa hadi mapajani. Alikuwa ameushika mkono wa mtoto wa kiume wa miaka minane hivi, anaukunja kiwiko, anaushusha majini taratibu, kisha anauachia. "Tena. Kiwiko kibaki juu, vidole vitangulie." Mtoto akaenda mita kumi, akarudi, akauweka mkono wake mwenyewe kwenye kiganja cha kocha ili aonyeshwe tena. Njia ile ilikuwa na watoto watano. Kila mmoja alipofika ukutani aliambiwa kitu kimoja tu, na kila mmoja cha kwake. Jioni ya pili nilimkuta kocha mkuu mwenyewe kwenye njia hiyohiyo, na vijana wake wakubwa wakiendelea chini ya msaidizi. Baadaye niliambiwa huo ndio utaratibu wao: kila wiki kocha mkuu ana siku ya wadogo.

Najua baadhi ya wazazi watasema, sawa, lakini mimi nataka mwanangu ashinde. Na mimi nataka. Ila tuwe waangalifu na ushindi wa miaka kumi na kumi na moja. Katika umri huo anayeshinda mara nyingi ni yule aliyewahi kukua: mikono mirefu, miguu mikubwa, mabega mapana kuliko wenzake. Baada ya miaka mitatu wenzake wanamfikia kwa urefu, na kama hakufundishwa mbinu, hana tena cha kuwashindia. Wapo wanaochanua mapema kwelikweli. Katie Ledecky wa Marekani alichukua dhahabu ya mita 800 mtindo huru kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa na miaka 15. Lakini Anthony Ervin, Mmarekani mwenzake, alishinda dhahabu ya mita 50 Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 19, akaja kuacha mashindano kabisa kwa miaka mingi, kisha akarudi na kuishinda mbio ileile Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 35. Kati ya dhahabu hizo mbili kuna miaka 16. Mtoto wa miaka tisa ana muda. Kocha anayekuambia mtoto huyo amechelewa anakutia hofu isiyo na msingi.

Ndiyo maana huwa nauliza kiasi cha mazoezi kabla ya kuuliza idadi ya medali. Chukua mtoto anayeogelea mita 3000 kwa kipindi kimoja. Akipiga mikono 20 kila anapovuka mita 25, hiyo ni mikono 2400, na yote inazunguka kwenye mabega yaleyale mawili ambayo bado yanakua. Maumivu ya bega ndiyo malalamiko makubwa ya waogeleaji, na mtoto mwenye mbinu mbovu anayeongezewa mita kila mwezi anayajenga maumivu hayo kwa mkono wake mwenyewe. Muulize kocha atafanya nini mtoto akisema bega linauma. Jibu zuri lina mambo ndani yake: tutapunguza mita, tutampa ubao apige miguu tu, tutaangalia mkono wake unavyoingia majini, tutakuambia umpeleke kwa daktari. Ukijibiwa kwamba maumivu ni sehemu ya mchezo, chukua mkoba wa mwanao muondoke. Angalia pia kama wadogo wanafundishwa mitindo yote minne, yaani kipepeo, mgongo, chura na huru. Klabu inayomfungia mtoto wa miaka tisa kwenye mtindo mmoja kwa sababu unampa medali leo inamkopa mtoto huyo kitu ambacho haitamlipa.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi huona aibu kuliuliza, na mimi naomba tuliulize kwa sauti: usalama wa mtoto mbele ya watu wazima wa klabu. Mwogeleaji mdogo yuko na nguo nyepesi, mbali na mzazi, chini ya mtu anayemheshimu kupita kiasi na mwenye uwezo wa kumpanga au kumwacha kwenye timu. Mwaka 1995 nchini Uingereza, kocha aliyewahi kuiongoza timu ya kuogelea ya Olimpiki alihukumiwa kifungo cha miaka 17 kwa kuwadhalilisha kingono wasichana aliowafundisha. Alikuwa na vyeo na sifa. Wazazi walimwamini. Kesi ile ndiyo iliyoamsha watu wengi katika michezo ya nchi hiyo kuhusu ulinzi wa watoto.

Kwa hiyo uliza, na utazame uso wa anayekujibu. Nani anaingia chumba cha kubadilishia nguo, na watu wazima wanabadilisha saa ngapi? Kocha anaruhusiwa kumwandikia mtoto ujumbe faragha kwenye simu, au ujumbe wote unapita kwa mzazi? Wakisafiri kwenda mashindano, nani analala wapi? Mtoto akikosewa, anamwambia nani ambaye si kocha wake? Je, mzazi anaweza kukaa jukwaani siku yoyote bila kuomba ruhusa? Klabu iliyojipanga itakujibu bila kukasirika, tena itakuonyesha utaratibu wake kwa maandishi. Ile inayokuuliza "Kwani hutuamini?" imeshakujibu. Kuamini mtu hakuondoi haja ya utaratibu, na kocha mwema analijua hilo kwa sababu utaratibu unamlinda na yeye.

Kuna swali jingine la usalama ambalo wengi hawalijui. Baadhi ya makocha huwashindanisha watoto kubana pumzi, nani atakwenda mbali zaidi chini ya maji. Mtoto anahema harakaharaka kwanza ili "ajaze hewa", kisha anazama. Kuhema huko kunapunguza kabonidayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayotuambia tupumue. Hamu ya kupumua inachelewa huku oksijeni ikiisha, na mtoto anaweza kuzimia majini kimya kimya, bila kutapatapa na bila kelele. Hata mwogeleaji hodari hufa hivyo. Ukiona mchezo huo bwawani, usisubiri mwisho wa kipindi, waambie siku hiyohiyo. Na hakikisha yupo mwokoaji ambaye kazi yake ni kutazama maji tu, asiyefundisha wala kushika saa.

Mengine ni mepesi. Bwawa la karibu ni bora kuliko bwawa zuri la mbali, kwa sababu mtoto anayelala garini kila jioni atalichukia bwawa lolote. Ada uliza yote kwa pamoja, pamoja na ya mashindano na safari, isije kukushtua katikati ya mwaka. Mavazi ya bei kubwa ya kubana mwili usiyanunue; Marekani kwenyewe, tangu mwaka 2020 chama cha kuogelea kimewazuia watoto wa miaka 12 na chini kuyavaa mashindanoni.

Ukiweza, nenda kaitazame klabu siku ya mashindano kabla hujajiunga. Usikae na wazazi wa washindi. Kaa karibu na mahali ambapo watoto hurudi kwa kocha baada ya kuogelea, na umsubiri yule aliyefika wa mwisho. Sikiliza anaambiwa nini.

Shindano la kwanza la binti yangu katika klabu hii ya pili lilikuwa mita 50 mtindo wa chura. Aliogelea vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, kisha mwishoni akagusa ukuta kwa mkono mmoja. Sheria inataka mikono miwili kwa pamoja, akaenguliwa. Alitoka majini analia, kofia bado kichwani, miwani imejaa machozi. Nilisimama jukwaani nisijue niende au nisiende. Kocha alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamfunga taulo mabegani, akamuuliza, "Mkono wa pili ulikuwa wapi?" Binti akafikiri, akasema, "Ulichelewa." Wakaenda wote wawili kwenye bwawa dogo la kupashia mwili, na kwa dakika kumi, wakati mbio nyingine zikiendelea nyuma yao, akawa anaugusa ukuta kwa mikono miwili, tena na tena, na kocha anahesabu.