Wapenzi wananong'ona, mara bomu

Makala moja niliyoisoma inasema watu wengi siku hizi wanawasha maandishi chini ya filamu hata kama lugha wanaielewa, na mwandishi anaona ni uvivu wa kusikiliza. Hapana bwana! Masikio yangu mazima kabisa. Tatizo ni hizi runinga bapa: zimekonda mpaka spika zimefichwa nyuma au chini, sauti inagonga ukuta kwanza ndipo ikufikie. Halafu filamu nyingi zimechanganywa sauti kwa ajili ya ukumbi wenye spika kibao, ambako maneno ya waigizaji yana spika yake ya katikati. Ukizibana sauti hizo zote kwenye spika mbili za runinga, mazungumzo yanamezwa na muziki. Wapenzi wananong'onezana, unaongeza sauti. Mara bomu, mtoto kaamka, nawe unasaka rimoti chini ya mito. (Rimoti nayo nadhani ina miguu.) Ingieni kwenye mipangilio ya sauti, runinga nyingi zina sehemu ya kukuza mazungumzo. Kwangu imesaidia kiasi. Ila maandishi siyazimi, ingawa vichekesho yananiharibia: utani nimeshausoma kabla mchekeshaji hajafungua mdomo.