Chuma kigumu cha gari la zamani hakimlindi dereva

Kwenye gereji za Nyakato, hapa Mwanza, likiingia gari la spoti la zamani, lazima utasikia mtu akigonga boneti kwa kiganja na kusema: "Hiki ndicho chuma, siyo haya mabati ya siku hizi." Wanaosema hivyo ni mafundi ninaowaheshimu, na magari hayo nami nayapenda kupita kiasi. Lakini kauli hiyo, kwamba chuma kigumu ndicho humlinda dereva, si kweli, na inaweza kumuua mtu.

Gari likigonga, nguvu ya ule mwendo lazima iishie mahali. Gari la leo limeundwa pua yake ijikunje na kumeza kishindo, huku chumba cha abiria kikibaki imara. Wazo hilo ni la mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz, na magari ya kwanza ya kampuni hiyo yaliyojengwa hivyo yalitoka 1959. Mwaka huohuo Volvo wakaanza kufunga mkanda wa pointi tatu, kazi ya Nils Bohlin. Pua isipojikunja kwa mpangilio, kishindo kinamfikia mtu aliyekaa ndani.

Anayebisha aangalie jaribio la 2009 kule Marekani, ambako Chevrolet Bel Air ya 1959 iligonganishwa na Chevrolet Malibu ya 2009, zote zikiwa kwenye kilomita 64 kwa saa. Bel Air ni dude kubwa, bampa kama reli. Chumba chake kiliporomoka na usukani ukamfuata yule mwanasesere wa majaribio. Angekuwa mtu, asingepona. Wa kwenye Malibu angetoka na jeraha dogo la mguu. Sasa fikiria gari la spoti la enzi hizo, fupi, jepesi, lisilo na paa la chuma.

Niliwahi kuikagua MGB moja, gari dogo la spoti la Kiingereza, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikiwa imefunguliwa boneti. Fimbo ya usukani inaanzia mbele, karibu na rejeta, inakuja hadi kwa dereva, na haina sehemu yoyote ya kuifanya ijikunje. Pua ikisukumwa nyuma, fimbo inakuja nayo, na inakoelekea ni kifuani. Viti vinaishia mabegani, kwa hiyo ukigongwa nyuma shingo haina pa kuegemea. Mkanda haukuwepo.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa chini ya milango. MGB haina chesisi ya peke yake; nguvu ya bodi inategemea sana vile vizingiti vya pembeni. Nilipopitisha sumaku ilishika, ikateleza, ikashika tena. Palipoteleza ni puti tupu, lile rojo la kuzibia bodi, imepakwa rangi nyekundu ikang'aa. Ndani kutu ilishamaliza kazi. Gari la namna hiyo likigongwa ubavuni, hata uimara mdogo liliotoka nao kiwandani haupo.

Na barabara zetu mnazijua. Ukitoka Igoma kuelekea Magu unapishana na Fuso, mabasi na Land Cruiser zenye uzito wa zaidi ya tani mbili, wewe uko ndani ya kitu kisichofika tani moja, kichwa chako kikiwa usawa wa bampa lao. Usiku ndiyo kabisa, msilitoe.

Wenye magari haya hunijibu kwamba kufunga mikanda kunaharibu uhalisia na kushusha thamani. Mkanda wa pointi tatu unafungwa kwa bolti chache, na siku ya maonyesho unafunguliwa. Mwambieni fundi aweke bamba la chuma nyuma ya kila bolti, achomelee kwenye bati zima lisilo na kutu, maana mkanda uliofungwa kwenye puti utang'oka. Vizingiti vikatwe, viwekwe vipya, kabla hata ya kufikiria rangi. Na watoto wasipandishwe: kwenye MGB ya wazi, nyuma ya viti viwili pana nafasi ya kuweka mizigo tu.