Zima, washa, sifa zote kwa mzee wa kahawa

Hakuna kitu kinanikera hapa mjini kama mtu kuniambia "zima halafu washa". Ushauri sio mbaya, shida yake ni kwamba unafanya kazi, tena unafanya kazi kwa mtu asiyejua hata kwa nini, halafu mimi ninayejua kwa nini ndo naonekana tapeli.

Mi nina steshenari. Natoa kopi, napiga paspoti saizi, najazia watu fomu za ajira na mikopo mtandaoni. Na mtu wa fomu sijui amerogwa na nani, tangazo limekaa mwezi mzima, yeye anatokea saa kumi jioni siku ambayo dirisha linafungwa saa sita usiku, mkononi kikaratasi kimelowa jasho chenye anuani aliyosomewa na shemeji yake kwenye simu. Juzi kaja mama mmoja wa hivyo, fomu ni ya mwanae. Naandika ile anuani, nabonyeza enta, kiduara kinazunguka weee, halafu inatokea DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN. Herufi kubwa tupu. Utadhani natukanwa.

Hapo ndo utajua kwamba nchi hii mafundi tuko wengi. Mama mwenyewe anasema, "Mwanangu, bando limeisha hilo." Dogo aliyekuja kutoa kopi ya cheti anasema ni waya wa baharini, maana tangu zile nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikatike Mei 2024 basi hata chaja ikilegea mtu anataja bahari. Bodaboda aliyemleta mama anasema ni hili wingu. Na mzee wa kahawa, ambaye kibaraza changu ndo ofisi yake, wala hakuinua macho kwenye birika: "Zima hiyo. Washa."

Jamani, hebu tulieni kwanza. Kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiandika jina la tovuti lazima iulize hilo jina ni namba gani, na DNS ndo mjumbe wa nyumba kumi anayeulizwa. Mjumbe akiwa hajui anapanda juu, kule juu kabisa kuna wakuu wenye majina 13, wanaitwa kwa herufi A mpaka M, nao hawakupi jibu, wanakwambia tu nenda kawaulize wanaotunza .tz, wa .tz nao wanakwambia kamuulize mwenye jina lake. Yaani nenda rudi ile ile tuliyozoea kutafuta barua ya utambulisho, ila hii inaisha kabla hujapepesa jicho. Zamani hata hayo hayakuwepo, majina yote yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya SRI kule California, ukiwa na kompyuta mpya unawaomba wakuandike, mpaka 1983 Paul Mockapetris akaja na utaratibu huu. Sasa NXDOMAIN maana yake mjumbe kajibu: hilo jina halipo. Hajasema bando. Hajasema wingu.

Namwelezea mama haya yote kwa upole kabisa, ananiangalia, ananiuliza, "Kwa hiyo unaongeza vocha ya shilingi ngapi?"

Nikaacha kuelezea. Nikaanza na kikaratasi, maana mara nyingi kosa liko pale, mtu kaambiwa "go nukta tz" kaandika "co", au herufi moja imeliwa na mkunjo, na hapo mjumbe yuko sahihi kabisa kukwambia hamjui huyo mtu. Nikalinganisha na tangazo lenyewe, anuani iko sawa. Nikafungua tovuti nyingine kwenye kompyuta ile ile, ikafunguka. Bando lipo, mama, umeona? Nikachukua simu yangu, nikazima waifai nikatumia data ya laini, ile tovuti ya fomu ikafunguka vizuri tu. Kwa hiyo tovuti ni nzima, intaneti ni nzima, mgonjwa yuko humu humu dukani. Nilitegemea hata mtu mmoja aseme aisee. Dogo akasema sasa si ujaze kwenye simu. Viambatanisho sita vya PDF, nijaze kwenye simu yenye kioo kimepasuka!

Ikabidi nifungue lile dirisha jeusi. Nalipenda lile dirisha, ukilifungua wateja wanakaa kimya wakidhani unaingia benki ya mtu. Nikaandika nslookup na jina la tovuti, ruta yangu, kile kiboksi cha waifai, ikajibu haipo. Nikaandika tena, ila mwishoni nikaweka 8.8.8.8, yaani nimemruka mjumbe wa hapa nimeenda kuuliza kwa Google, namba ikatoka hapo hapo. Sasa sikilizeni ujinga wa hii mashine. Ruta ikishapata jibu inalitunza ili isiulize kila saa, sawa, hilo naelewa, ni akili. Lakini inatunza mpaka jibu la "hakuna"! Mtu jina lake likipotea asubuhi kwa saa moja, ukawa umeuliza saa hiyo hiyo, jina likirudi dunia nzima inaliona, wewe ruta yako imekaza shingo, hakuna, hakuna, hakuna, mpaka muda wa lile jibu uishe, na muda wenyewe hupangi wewe, wanapanga wenye jina. Inaweza kuwa dakika, inaweza kuwa masaa. Na dirisha linafungwa saa sita usiku.

Nikapiga ipconfig /flushdns, amri ya kufuta majibu ambayo kompyuta imeyatunza. Kompyuta ikajisifu kwamba imefanikiwa kufuta. Nikafungua tovuti, NXDOMAIN. Kwa sababu kompyuta ina kumbukumbu yake, brauza ina yake, ruta ina yake, na kampuni inayokuuzia intaneti nayo ina yake, yeyote kati yao anaweza kuwa anakumbuka ule uongo, na wewe umefuta kwa mmoja.

Hapo dogo akaniingilia eti simu yake nayo haifungui kitu chochote tangu jana. Kumbe alielekezwa na mwenzake aweke Private DNS ya kuzuia matangazo, akakosea herufi moja. Ikiwa hivyo simu inagoma kila kitu, haifungui hata salamu. Nikamzimia hiyo setingi, hakusema ahsante, akafungua video.

Nikarudi kwangu. Naingia kwenye setingi za waifai nibadilishe mjumbe kwa mkono, 8.8.8.8 mstari wa kwanza, 1.1.1.1 mstari wa pili, hii ya pili kampuni ya Cloudflare waliitoa tarehe 1 Aprili 2018, siku ya wajinga, na ipo mpaka leo. Nimeshaandika nane ya tatu. Nasikia soketi nyuma yangu: tak. Mzee wa kahawa kachomoa ruta. Kasimama nayo waya mkononi, kanyamaza kidogo, karudisha. Taa zikawaka moja moja. Mama akasema jaribu, mwanangu. Nikajaribu.

Ikafunguka.

Watu walishangilia! Bodaboda kampa mzee tano. Na mimi najua kilichotokea, kumbukumbu ya ruta inaishi kwa umeme, umeme ukikatika na lile "hakuna" linakwenda nalo, ikiwaka inauliza upya. Lakini ile ya kwenye kompyuta nani aliifuta? Si mimi? Bila flushdns yangu angechomoa ruta mpaka adhana ya magharibi! Nikamuuliza, mzee wangu, tarehe 4 Oktoba 2021 ulikuwa wapi? Siku Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea dunia nzima kuanzia jioni hapa kwetu mpaka saa saba usiku, kwa sababu walijifungia njia wenyewe, mashine zao za DNS zikawa hazifikiki. Watu walizima na kuwasha simu mpaka vitufe vikalegea. Mbona siku hiyo hukuchomoa waya?

Akasema siku hiyo alikuwa msibani Kisarawe.

Fomu ikajazwa, viambatanisho vyote sita, ikatumwa, risiti nikaprinti. Nikamwambia mama, elfu tatu. Akatoa buku mbili, akafunga pochi. Nikamwambia mama yangu, bado buku. Akasema ile buku kampa yule baba wa kahawa, si ndiye aliyetengeneza mashine.

Nikageuka kumwangalia mzee. Keshaifutika kwenye mfuko wa shati, ananiambia na zile kahawa zangu za asubuhi bado sijalipa.