JKT kwa mujibu wa sheria: anayeitwa hataki, anayetaka haitwi

Ikifika mwisho wa Mei, mafundi cherehani wa Mwanga hapa Kigoma hushona kitu kimoja tu: bukta za bluu iliyokolea, za mpira kiunoni, zisizo na zipu, zinazoishia magotini. Mzazi kasimama pembeni na orodha: fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nauli. Mtoto kamaliza kidato cha sita juzi, na jina limeshatoka kwenye orodha ya wanaotakiwa kwa lazima kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ndiyo hiyo "mujibu wa sheria". Kambi ya Msange, Tabora. Au akibahatika kutoenda mbali, Bulombora. Hapo ndipo ubishi wa kila mwaka unapoanza: kulazimishana kwa nini?

Ubishi huu si wa leo. JKT ilianzishwa 1963, na 1966 wasomi walipoambiwa ni lazima waende, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam wakaandamana. Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata kwa asilimia 20. Ulazima ulisimamishwa 1994, ukarudi 2013.

Wanaoutetea wana hoja nzito kuliko ile ya "nidhamu" tuliyoichoka. Kule kambini mtoto wa Uvinza analala deka ya juu, wa Newala ya chini, na saa kumi alfajiri wote ni makuruta, mchakamchaka hauulizi baba yako ni nani. Tena sisi tumepakana na Burundi na Kongo. Mtabila, Kasulu, palipo na kambi ya JKT leo, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi 2012. Mzee wa Kasulu hahitaji semina kujua nchi ikivurugika inakuwaje.

Wanaopinga wanasema miezi mitatu ya kwata haimfanyi mtu kuwa askari. Ni kweli, ingawa hata wanaotetea hawasemi kwamba inamfanya. Hoja yao inayoniuma zaidi ni ya sheria yenyewe: ulazima usiosimamiwa si ulazima. Tazama Marekani. Waliacha kuwachukua vijana jeshini kwa nguvu 1973, lakini tangu 1980 kijana wa kiume anatakiwa ajiandikishe akifikisha miaka 18. Kwenye karatasi adhabu ni kifungo hadi miaka mitano. Mashtaka yenyewe yalikoma 1986. Anayeumia ni yule anayekuja kugundua akiomba kazi ya serikali kuu kwamba mlango umefungwa. Kwetu nako, miaka ya mwanzo baada ya 2013 kambi hazikutosha, wakaitwa baadhi. Na mimi sijamsikia jirani hata mmoja aliyepandishwa kizimbani kwa kutoripoti.

Ila kinachonisumbua mimi ni kwamba ulazima huu unamhusu wa kidato cha sita peke yake. Aliyeishia kidato cha nne, na hao ndio wengi mtaani, hana wa kumlazimisha. Yeye anaomba kujitolea: aanzie serikali ya mtaa, apande wilayani, afanyiwe usaili, na nafasi ni za kuhesabu. Anaomba kwa sababu anajua nafasi za jeshi zikitangazwa, swali la kwanza ni kama amepita JKT. Kwa hiyo tunamsukuma ndani anayewaza chuo, na anayegonga mlango tunamwambia asubiri mwakani.

Mimi nisingeufuta ulazima. Ningeubakiza, lakini shilingi ya kwanza inayoongezwa JKT iende kwenye vitanda vya wanaojitolea, kabla ya kupanua chochote kwa wa mujibu wa sheria.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu wako wawili. Binti kapangiwa kambi ya Kanembwa, wiki nzima amenuna. Kaka yake ameomba kujitolea mara tatu, akakosa mara tatu. Jana jioni nilimkuta barazani ana pasi ya mkaa, ananyoosha zile shuka za bluu bahari za mdogo wake, na mkunjo aliusawazisha kwa kiganja mara mbili mbili.