Anayekataa kutoa stetimenti anaficha nini?

Mpwa wangu anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Hivi karibuni alikuwa anatafuta nyumba ya vyumba viwili upande wa Nyakato, akabahatika kuipata kwa taasisi moja inayopangisha. Fomu yao haikuwa na ajabu: namba ya NIDA, barua ya mwenyekiti wa mtaa, wadhamini wawili, paspoti saizi mbili. Kipengele cha mwisho ndicho kilichomshtua: stetimenti ya benki au ya simu, ya miezi sita. Akanipigia.

"Shikamoo mjomba. Hii nayo wanaitakia nini?"

Nikamjibu kama ambavyo wengi wetu tungemjibu. Kama huna cha kuficha, wape yaishe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Cha kuficha ninacho mjomba, ila siyo changu."

Jibu hilo lilinikera siku ile. Nililiona la mtu mwenye mambo yake. Nimelizungusha kichwani wiki nzima na sasa naona mimi ndiye niliyejibu kwa haraka.

Kwanza niwe mkweli kwa upande wa wenye nyumba, maana hofu yao si ya kubuni. Ile Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wanabanana zaidi kwa mkataba wao. Mpangaji akigoma kulipa, baraza la kata haliwezi kuamua shauri; tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, ni safari ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: kufungua shauri, tarehe, tarehe nyingine, mjumbe wa baraza hayupo, rudi mwezi ujao. Mama mwenye vyumba vitatu Igoma, aliyejengea pensheni ya marehemu mumewe, hana miezi hiyo. Ndiyo maana anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima.

Hapo ndipo hoja ya stetimenti inapopata nguvu. Anayeanza maisha Mwanza akiwa na laki nne mkononi hawezi kutoa kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba akimwambia nioneshe miamala yako, nikiridhika utanilipa mwezi kwa mwezi, huenda mtu huyo akafungua mlango ambao fedha taslimu ingeufunga. Kijana mmoja fundi simu pale Makoroboi aliniambia waziwazi kwamba yeye angetoa hata stetimenti ya miaka mitatu, bora asikope kodi. Namwelewa. Tatizo ni kwamba fomu ya Nyakato ilitaka vyote viwili: stetimenti, na kodi ya miezi sita mbele.

Kuna pia hoja ya nyumba za umma. Uuzaji wa nyumba za serikali ulioanza mwaka 2002 bado unawauma watu wengi, na tunajua nyumba yenye unafuu inavyoweza kuangukia mkononi mwa aliye nazo tayari. Chombo cha umma kinachogawa nyumba kina haki ya kujiuliza nani anastahili. Marekani, kwa mfano, mpangaji wa nyumba za umma kwa kawaida hutozwa kama asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato, kwa hiyo bila kujua kipato hata kodi yenyewe haipatikani. Kuuliza kuna mantiki. Lakini angalia walivyofanya hata hao wenye sababu: kanuni zilizotokana na sheria yao ya mwaka 2016 zinaruhusu mwenye mali isiyozidi dola 50,000, kiwango kinachopandishwa kufuata mfumuko wa bei, aandike tamko na kulisaini, bila kudaiwa karatasi za benki kila mwaka. Wamekubali kwamba tamko la mtu mzima lina uzito wake.

Kwetu kodi haitokani na kipato. Vyumba viwili vya Nyakato vina bei moja kwa muuza dagaa na kwa mhasibu. Kwa hiyo swali halali la mwenye nyumba ni moja tu: huyu atalipa kwa wakati? Na stetimenti, nathubutu kusema, ni kipimo kibovu cha swali hilo, hasa kwa watu wa ziwani.

Chukua dagaa. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi vizuri giza likiwa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa sana, mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kulala. Siku hizo simu ya mpwa wangu iko kimya. Mwenye ofisi anayesoma stetimenti yake ataona siku kadhaa tupu kila mwezi, na kama hajawahi kusimama Mwaloni alfajiri atadhani biashara inakufa na kufufuka.

Kisha giza linarudi na makosa yanageuka upande wa pili. Mnunuzi wa jumla anamtumia fedha akusanye mzigo. Tuseme milioni nne zimeingia Jumatatu. Jumanne zimekwenda kwa wenye mitumbwi, kwa waanikaji, kwa magunia, kwa vijana wa kubeba, kwa gari. Kufikia Jumatano jioni kilichobaki ambacho ni chake hakifiki laki mbili. Stetimenti haisemi hivyo. Inasema milioni nne. Kwa ukurasa mmoja anaonekana hohehahe, kwa ukurasa unaofuata tajiri, na yeye si yeyote kati ya hao.

Kuna na wale ambao stetimenti yao ni nyeupe kabisa. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, watu wengi niliowajua walirudi kwenye noti, kwenye kibindo na kwenye kopo la kimbo. Wengine hawakurudi tena kwenye simu. Mama lishe wa stendi ya Nyegezi anayelipa kodi yake bila kukosa tangu zamani, kwa mkono, hana karatasi hata moja ya kuthibitisha kwamba yupo.

Hayo yote bado ni makosa ya hesabu, na hesabu mtu anaweza kuieleza. Kilichonikosesha usingizi ni lile neno "siyo changu".

Siku mbili baadaye alikuja nyumbani na stetimenti yenyewe, ameichapisha stationari, kurasa thelathini na ushei. Tukaketi barazani tukaanza kuisoma. Sikuwahi kuisoma ya mtu mwingine kabla ya hapo, na nakushauri usijaribu. Kila mstari una tarehe, saa, kiasi, salio, na jina. Hilo la mwisho ndilo la kutazama. Jina, jina, jina. Kumbe stetimenti ya simu si picha ya fedha za mtu. Ni daftari la watu anaoishi nao.

Yeye ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake wa pale sokoni. Kila Alhamisi hisa zinaingia kwenye laini yake, kisha mikopo inatoka. Ukipitia tu unajua nani amechelewa kurejesha, nani amekopa mara mbili ndani ya mwezi, nani amepewa fedha ya jamii, ile ya dharura, saa saba usiku, na saa saba usiku kikoba hakitoi fedha kwa jambo la furaha. Kuna mwanamke mmoja anayejiwekea akiba kwake kidogo kidogo ili mume asijue. Mume huyo namfahamu. Jina la mkewe limeandikwa mara kumi na moja, na viwango vyake. Kuna mchango wa msiba na majina ya waliotoa elfu mbili. Kuna sadaka, na jina la kanisa, kwa hiyo dini yake nayo imo. Kuna mzazi mwenza aliyetuma ada muhula mmoja, na miezi mitano asitume kitu.

Mpwa wangu anaweza kukubali kuvuliwa nguo yeye. Tumuulize ana mamlaka gani ya kuwavua wale wanawake wa kikoba. Hawakusaini fomu yoyote. Hawatafuti nyumba. Hawajui kwamba Alhamisi zao zitasomwa na karani wa Nyakato, ambaye huenda ni shemeji ya mmoja wao. Mwanza ni jiji, lakini si kubwa kiasi hicho.

Hapa sheria iko upande wake kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake, hilo tulilisoma shuleni. Wengi hawajafika kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Humo kuna kundi la taarifa zinazoitwa nyeti. Ungetarajia afya, dini, vinasaba, na kweli vimo. Miamala ya kifedha ya mtu nayo imo, kwa maneno. Sikuamini mara ya kwanza, nikarudia kusoma. Taarifa nyeti kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, na ridhaa hiyo anaweza kuiondoa wakati wowote bila kutoa maelezo. Juu ya hayo, taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, wala zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tume ya kusimamia hayo ilizinduliwa Aprili 2024.

Mtetezi wa fomu atasema ridhaa ipo, si amesaini? Amesaini, ndiyo. Amesaini akiwa na watoto wawili, notisi ya kuhama inaisha Ijumaa, na ufunguo uko upande wa pili wa meza. Siwezi kusema saini hiyo ni batili, mimi si wakili. Nasema tu mwanasheria wa taasisi asiitegemee sana, hasa pale ambapo majina mengi yaliyomo kwenye karatasi si ya aliyesaini.

Jambo jingine linasahaulika. Benki imefungwa na sheria kutunza siri ya mteja. Mfanyakazi wake akitoa taarifa zako ovyo anajua kinachomsubiri. Karatasi ikishatoka benki na kuingia kwenye bahasha ya kaki ya dalali, sharti lile la siri haliifuati.

Je, mwenye nyumba abaki gizani? Hapana, na hapa ndipo ninapoona mjadala unapotezewa muda. Mtu anayejua kama mpwa wangu analipa kodi ni mwenye nyumba anakotoka. Miaka minne amekaa kwake Mabatini. Simu moja inatosha. Risiti zake za kodi zipo, nyingine zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari na kupigwa saini. Mwajiriwa ataleta barua ya mwajiri. Mfanyabiashara ataleta leseni au kitambulisho cha mjasiriamali, na mwenyekiti wa soko atamsemea. Ikibidi kabisa kuona stetimenti, basi ioneshwe mezani kwenye simu ya mwenyewe, karani aangalie, aandike "nimeona", arudishe. Au mpangaji afunike majina kwa kalamu nyeusi na kuacha viwango. Njia hizo hazina gharama, na zinajibu swali la kulipa vizuri kuliko kurasa thelathini.

Nikiri kwamba zina udhaifu. Mwenye nyumba wa zamani anaweza kumsifia mpangaji msumbufu ili amwondoe. Hilo lipo, limewahi kunipata. Barua za kughushi zipo. Lakini stetimenti za kughushi nazo zipo, tena zinapendeza kuliko za kweli.

Mpwa wangu hakutoa. Aliandika barua ya nusu ukurasa kueleza kwamba laini yake inabeba fedha za kikundi, akaambatanisha risiti za Mabatini za miaka minne. Wakamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Amepata vyumba Buhongwa, mbali na soko. Nauli inamla kila alfajiri, na mitumbwi haimsubiri. Hiyo ndiyo bei ya kutunza siri za watu wasiojua kwamba zilitunzwa.

Kilichobaki kilikuwa kunihusu mimi. Kabla hajabadili mawazo alikuwa ameshamtumia dalali wa taasisi ile kurasa tatu za mwanzo kwa WhatsApp, ili "apige jicho". Nikamfuata kijana yule kijiweni kwake, kwa adabu, nikamwomba azifute. Hakuwa na ubishi hata kidogo. "Hamna shida mzee, ngoja nizitafute." Akafungua simu, akaanza kushusha kwa kidole gumba. Faili moja baada ya jingine, la mwezi huu, la mwaka jana, la mwaka juzi, za watu waliopata nyumba na waliokosa. Karibu yote yalikuwa na jina lilelile moja ambalo mtandao wa simu huyapa. Alifungua la kwanza, la mtu mwingine. La pili, la mtu mwingine. Kwenye la tano nilimwomba aache kuyafungua mbele yangu.